Sabufa ya Mabula

Zulia la gari lilikuwa limelowa, na maji yake yalikuwa ya uvuguvugu.

Melania aliondoa mkono haraka, akaunusa kwa mazoea ya fundi, maana maji ya rejeta yana harufu yake na maji ya mvua yana yake. Haya hayakuwa ya rejeta, na mvua ilikuwa haijanyesha Segese kwa wiki saba. Vidole vyake vilinuka kama ndoo ya bucha iliyofunikwa ikasahauliwa juani. Yeye alikulia Chato, mwaloni wanakoshushia samaki, kwenye matumbo ya samaki yaliyooza tangu utotoni, na hakuwa mtu wa kuchefukwa upesi. Alichefukwa.

"Baba Noela," alimwita mumewe, "njoo unuse hapa."

Sostenes alikuwa nyuma ya gari akipima nafasi ya boksi la spika. Karakana ilikuwa ya wote wawili, mwaka wa sita sasa. Melania alifunga redio na kuvuta nyaya. Sostenes alichonga maboksi ya mbao na kuyavika kapeti. Alikuja akainama mlangoni, akarudi nyuma amekunja uso.

"Panya. Amefia humo."

"Panya gani wa kulowesha zulia zima?"

Sostenes alitema mate, akarudi kwenye futi yake.

Gari lenyewe lilikuwa mkonga mweupe, yale magari ya porini yenye bomba la hewa linalopanda ubavuni hadi usawa wa paa. Mwenyewe, Mabula, alikuwa na maduara matatu, mashimo ya kuchimba dhahabu, nje ya mji, na wachimbaji zaidi ya arobaini waliomwita bosi. Alikuwa amelileta saa mbili asubuhi, akashuka kitambaa kikiwa puani. Melania alimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akaitikia bila kumtazama.

"Nataka sabufa kubwa kuliko zote ulizonazo. Mbili."

"Mzee unasikiliza mziki gani? Nijue boksi tulikate vipi."

"Mziki wowote. Mimi nataka kishindo. Nikikaa kwenye usukani nisisikie kitu kingine."

"Hata honi?"

"Hata mtu akinisemesha sikioni."

Funguo hakumpa mkononi. Aliziangusha kwenye benchi, akavuka barabara, akaketi kwenye kibanda cha chipsi na kugeuza kiti ili asilione gari.

Melania aliamua kuanza na waya wa umeme. Waya huo, mwekundu, mnene kama kidole, hutoka kwenye betri, ukapita tundu lenye mpira kwenye ukuta wa injini, ukalala chini ya zulia upande wa kushoto hadi kwenye amplifaya nyuma. Wa sauti hupitishwa upande wa kulia, mbali nao, spika zisije zikavuma. Ni kazi aliyoifanya mara mia. Alisimama mbele ya injini, akachomeka ncha tunduni, akausukuma. Ulikwenda shubiri mbili. Halafu ukaanza kwenda wenyewe.

Aliuachia, akadhani macho yanamdanganya. Waya ukaendelea kuingia, polepole, ukisimama kidogo kisha ukiingia tena, kama tambi inayofyonzwa na mtoto. Kwenye usukani hakukuwa na mtu. Sostenes, aliyekuwa ameshaliweka boksi na sabufa zake nyuma, alikuwa nje akipiga randa kifuniko chake.

Melania aliushika kwa mikono miwili akauvuta. Ulikaza, ukalegea, ukatoka. Sehemu yote iliyokuwa imeingia ilikuwa imepakwa ute mzito wa rangi ya usaha, na kwenye ute huo zilikuwa zimenasa nyuzi za sufu ya kondoo, na jino dogo bapa.

Alitembea hadi kwa mumewe na kumwonyesha. Sostenes aliligeuza lile jino kwa kucha, kisha wakaenda pamoja na kulikunjua zulia lote.

Chini yake bati halikuonekana. Palikuwa na utando wa mafuta ya kondoo na damu iliyokauka, tabaka juu ya tabaka, unene wa kidole gumba, uliomwagwa humo si siku moja wala mwezi mmoja. Funza walikuwa pembezoni tu, wamejazana kwenye kingo kana kwamba hawathubutu kusogea katikati. Na katikati, chini kabisa ya kiti cha dereva, mafuta yalikuwa yamelambwa. Michirizi ya ulimi ilionekana wazi, mipana kuliko ya ng'ombe, na yote ilikuwa imelambwa kutokea chini kuja juu, kana kwamba mlambaji alikuwa chini ya bati.

"Tulirudishe zulia," Melania alinong'ona. "Tumpe funguo zake aondoke."

"Atatutangaza mji mzima kwamba tumeshindwa kazi. Ngoja nikwangue kipande kidogo tu, pa kufungia waya wa hasi kwenye bodi. Dakika kumi."

"Sostenes, mtu alikuwa analisha kitu humu."

"Ndiyo maana nataka liondoke na kazi iishe."

Alichukua patasi akaanza kukwangua. Mafuta yalibanduka vipande vipande na kila kipande kilitoa harufu mpya, mbaya kuliko iliyotangulia, hadi Melania akatapika kando ya tairi. Alipoinuka, patasi ilikuwa imeteleza. Sostenes alikuwa amejikata kwenye fundo la kidole, na damu ilikuwa imedondokea kwenye mafuta, matone matatu. Wote wawili waliyaona yakizama. Yaliingia ndani moja baada ya jingine, na utando ukajifunga juu yake kama midomo.

"Toka humo," alisema Melania.

Sostenes alitoka, akanawa, akafunga kidole kwa kitambaa. Walikubaliana kwamba sabufa, ambazo tayari zilikuwa zimekaa ndani ya boksi nyuma ya gari, wazifungue na kuzitoa, basi. Melania alikwenda mbele kukusanya vifaa vyake. Betri hakuwa ameigusa bado, na fyuzi ilikuwa mfukoni mwake, aliipapasa akaisikia. Wakati huo karasha za kusaga mawe zilizimwa, wachimbaji wakaenda kula, na mtaa ukatulia.

Katika utulivu huo alisikia mtu anatafuna. Palikuwa mchana mweupe, saa saba, jua limesimama juu ya mabati, na sauti ile ilikuwa ya mdomo uliojaa, usiofungwa, unaotafuna kitu chenye majimaji na kukivuta kwa pumzi kila kinapotaka kudondoka. Ilitoka nyuma ya gari, nzito, ya chini kabisa, sauti ambayo hakuna koo la mtu linaloifikia na ambayo yeye kwa kazi yake aliijua inatoka wapi. Alizunguka ubavu wa gari mkono wake ukishika bodi, na bodi ilikuwa ya moto na inatetemeka. Alipofika mlango wa nyuma aliziona zile sabufa mbili, ambazo hazikuunganishwa na waya wowote, zikituna na kubonyea, zikituna na kubonyea, kama matumbo ya watu wawili waliolala. Mumewe alikuwa amepiga magoti mbele ya ile ya kulia, mikono ameiachia chini, mdomo wake wazi umeganda juu ya ngozi ya spika, na koo lake lilikuwa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, kwa sababu alikuwa anameza.

Alimshika mabega akamvuta. Mdomo wa Sostenes ulibanduka kwa sauti ya kiatu kinachotoka kwenye tope, ukiacha uzi mweusi wa mate kati yake na spika. Macho yake yalimtazama mkewe bila kumjua.

"Mabula," alisema, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa ile iliyokuwa ikitafuna. "Umechelewa sana leo. Lakini huyu ni mtamu kuliko kondoo."

Kisha akaanza kulamba kidole chake kilichokatika, kwa utulivu, kama mtu anayemalizia sahani.

Melania alivuka barabara bila kuangalia pikipiki. Mabula alikuwa tayari amesimama. Alimwona anavyokuja, na swali alilomuuliza ndilo lililomfanya Melania aelewe yote.

"Limeshamshika?"

"Ulijua," Melania alisema. "Ulijua ukatuletea."

Mabula aliangalia chini. Alizungumza haraka, kwa sauti ndogo, kama anayetaka kumaliza kabla hajabadili nia. Mtu mmoja, mbali huko, alimpa jini la duara ili aone dhahabu. Sharti lilikuwa kondoo mmoja kila mwezi mpya, achinjiwe ndani ya gari, damu isitoke nje. Dhahabu aliiona kweli. Lakini tangu miezi miwili iliyopita jini lilikuwa limechoka na kondoo. Lilimsemesha chini ya kiti kila akiendesha, likimtajia majina ya wachimbaji wake, yupi mnene, yupi hana ndugu.

"Sikumpa mtu, fundi. Naapa sikumpa. Nilitaka tu nisilisikie."

"Na kwetu ukalileta kwa nini?"

"Nilidhani likikaa na watu wengine siku nzima, linaweza kuwapenda wao. Likanisahau."

Melania alimkamata ukosi wa shati. Mabula alikuwa mtu mzima, mzito, ambaye hakuna mwanamke aliyewahi kumgusa hivyo hadharani, lakini hakujinasua. Mwenye kibanda, Loveness, aliyesikia yote, tayari alikuwa amemtuma mtu sokoni kumwita Nyamizi.

Nyamizi alikuwa mganga, lakini siku za kawaida aliuza dagaa, na alikuja na aproni yake ya sokoni, magamba yakiwa bado mikononi. Wachimbaji waliokuwa wakila walikuwa wamekwisha kujaa mbele ya karakana. Alimtazama Sostenes, ambaye sasa alikuwa amelala kifudifudi ndani ya gari akikomba mafuta kwa kucha na kuyala, kisha akamtazama Mabula.

"Shikamoo mayu," Mabula alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Nyamizi hakuitikia. "Nani amelilisha?"

"Mimi."

"Basi mimi sina dawa. Aliyelilisha ndiye wa kulinyima. Utaingia humo, utaondoa chakula chako chote kwa mikono yako mitupu, na ukifika chini utaliambia maneno mawili. La kwanza: Sina tena cha kukupa. La pili: Dhahabu yako siitaki. Yote mawili, mbele ya watu hawa."

"Mayu, wale ni watu wangu wa kazi."

"Ndiyo."

Melania alimsukuma. Mabula alipanda. Kwa karibu saa nzima watu walimtazama bosi wao akichimba mafuta yale kwa vidole, akiyatupa nje kwenye karai, huku Sostenes akimng'ang'ania mkono na kuulamba hadi kwenye kiwiko. Mabula alitapika, akatapika tena mpaka yakawa maji matupu. Chini ya tabaka la mwisho zilionekana kwato ndogo zilizopangwa kama vikombe. Alizitoa moja moja. Bati likaonekana.

"Sema," Nyamizi alisema.

"Sina tena cha kukupa," Mabula alisema kwa nguvu, na alipoyasema sabufa zote mbili zilituna kwa pamoja, zikapasuka, na Sostenes akajikunja na kuanza kutapika. Vilitoka vitu ambavyo hakuwa amevila yeye: sufu, mafungu ya sufu iliyoloa, meno, kipande cha utumbo kilichojifunga fundo. Melania alimshika kichwa na kuupokea uchafu wote mapajani mwake, hakujali, mpaka mumewe akavuta pumzi ndefu, akamtazama usoni na kusema kwa sauti yake mwenyewe, "Mama Noela, nipe maji."

Watu walianza kuongea wote pamoja. Wengine walimshika Sostenes wakamtoa, wengine wakaleta ndoo. Katika vurugu hiyo Mabula alishuka upande wa pili. Nyamizi peke yake alimfuata.

"Umesema nusu," alimwambia taratibu.

Mabula alisimama, mikono imening'inia, mafuta yakimdondoka. Melania, aliyekuwa amekaa chini umbali wa hatua chache, aliziona taya zake zikicheza, kama mtu mwenye neno mdomoni.

"Limeshatoka, mayu. Si limeshatoka?"

"Limetoka kwa huyu. Maliza."

Mabula aliwatazama wachimbaji wake, kisha akaangalia upande wa maduara, ambako karasha zilikuwa zimeanza kuunguruma tena. Alifungua mdomo. Akameza mate. Akasema atarudi kesho kulichukua gari, akaanza kutembea kuelekea nyumbani kwake kwa miguu.

Nyamizi hakumwita tena. Alijifuta mikono kwenye aproni, akamsogelea Melania, akasimama kando yake.

Mabula alipofika kona ya mashine ya unga, mbwa wawili walitoka chini ya toroli. Hawakumbwekea. Walinusa ardhi mahali alipokanyaga, wakalala matumbo, wakaanza kulamba nyayo zake vumbini, moja baada ya nyingine, wakimfuata. Mbwa wa tatu akatoka, na wa nne. Mabula hakugeuka, ila Melania aliuona mkono wake ukipanda polepole, ukiwa bado umejaa mafuta, ukafika usoni, na vidole vikaingia mdomoni.