Bango la Macho katika Wodi ya Zamani

Asubuhi ile, kama kawaida, Euphrasia alimsaidia mama yake kufungua duka la vitenge pale Kariakoo. Mteja wa kwanza alikuwa ameshafika.

"Mpe dada kile cha maua madogo, pale juu," mama alisema.

Euphrasia akapanda kigoda, akavuta kitenge.

"Hicho ni cha ndege! Mawazo yako yako wapi, mwanangu?"

"Samahani, mama. Nachelewa shule." Akabeba begi, akatoka mbio.

Mawazo yake hayakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa macho. Tangu mwaka uanze, vitu vya mbali aliviona kama vimefunikwa na ukungu. Hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu alikumbuka jinsi Vicky alivyokuja darasani na miwani, wavulana wakamwita Macho Manne mpaka akaificha kwenye begi.

Sasa siri hiyo ilikuwa imemponza mtu mwingine. Katika jaribio la hisabati la wiki iliyopita, Mwalimu Zahoro aliandika maswali ubaoni. Euphrasia hakuyaona, akachungulia karatasi ya Shamsa, rafiki yake wa tangu chekechea. Mwalimu alipowaona, alichukua karatasi zote mbili na kuwapa wote sufuri. Shamsa alilia, "Mwalimu, mimi sijafanya kitu!" Euphrasia akainama, asimtetee. Tangu siku hiyo Shamsa alihama dawati, na hata salamu akawa hampi.

Asubuhi ile alipotoka dukani, darasa lao la sita lilikuwa na ziara. Walitembea kwa miguu, wakapita Mnazi Mmoja na kuingia katikati ya jiji, hadi kwenye jengo lililokuwa hospitali zamani. Kuta zake zilikuwa nene, na baraza zake pana zilipitisha upepo. Wodi za wagonjwa zilikuwa zimegeuzwa kumbi za ngoma, michoro na picha za Dar es Salaam ya kale. Chumba kimoja tu kiliachwa kama kilivyokuwa, na vitanda vyake vya chuma na mabeseni meupe.

"Shikamoo, bibi!" wanafunzi waliamkia walipopokewa na Bibi Mwanamkuu, muuguzi mstaafu aliyekuwa akiwatembeza wageni.

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni hospitalini. Leo hakuna sindano!"

Wakacheka. Akawaingiza katika chumba kile cha vitanda vya chuma. Ukutani kulikuwa na bango lenye herufi E nyingi, zilizogeukia huku na huku. Zile za juu zilikuwa kubwa, za chini ndogo. Bibi alieleza kwamba lilitumika kuwapima macho hata wasiojua kusoma, maana mgonjwa alitakiwa kutaja tu upande ambao herufi imeelekea.

"Nani ajaribu mstari huu wa chini?"

Hashimu, mmoja wa wavulana waliomcheka Vicky, akasimama mbali, akasema bila kusita, "Kulia, juu, kushoto, chini!"

"Safi! Nawe, binti?" Bibi alimnyooshea kidole Euphrasia.

Euphrasia alitazama bango. Aliona weupe mtupu, lakini maneno ya Hashimu yalikuwa bado masikioni mwake. "Kulia, juu, kushoto, chini," akasema.

Bibi Mwanamkuu alimtazama kidogo. Binti huyu alijibu huku anaangalia sakafu. Akalitungua bango, akaligeuza. Upande wa pili herufi zilipangwa vingine.

"Hebu rudia, mjukuu wangu."

Euphrasia alikunja macho, akajaribu, akashindwa. Angeweza kubahatisha. Lakini pembeni alimwona Shamsa, na jinsi alivyokuwa akimwangalia kwa wasiwasi, kama zamani. Machozi yakamtoka.

"Sioni, bibi," akasema. Kisha akamgeukia mwalimu. "Hata ubaoni sioni. Siku ya jaribio nilichungulia karatasi ya Shamsa ili nipate maswali. Yeye hakujua chochote. Nilimwacha aadhibiwe bure."

Mwalimu Zahoro alivuta pumzi. "Shamsa, nilikuonea. Nisamehe," alisema mbele ya wote. "Utafanya jaribio upya. Na wewe pia, Euphrasia, ukishapimwa."

"Kwa nini hukuniambia mimi?" Shamsa alinong'ona.

"Niliogopa kuchekwa. Nisamehe, Shamsa."

"Akicheka mtu, atanijua!" Shamsa akajibu, akimkazia jicho Hashimu.

"Mimi nimesema nini?" Hashimu akaruka. Wote wakacheka, hata Euphrasia aliyekuwa bado anafuta machozi.

Jioni Euphrasia alimweleza mama kila kitu. Mama alifunga duka mapema kesho yake, akampeleka kliniki ya macho. Siku alipovaa miwani, alisimama nje akishangaa. Aliona majani ya mti, moja moja, na nyaya za umeme zikikatiza angani.

Darasani, Vicky alipomwona, naye alitoa miwani yake kwenye begi, akaifuta vumbi, akaivaa. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu Zahoro aliweka chaki chini. "Wanangu," alisema, "ugonjwa ukiufanya siri, hauponi. Unakuumiza wewe, halafu unamuumiza na jirani yako asiye na kosa. Mwili ukikusumbua, sema. Ukikosea, sema pia. Euphrasia aliogopa, lakini alisema, na ndiyo maana leo amesaidiwa. Haya, nani atatusomea swali la kwanza ubaoni?"

Euphrasia akanyoosha mkono kabla ya wote.