Alhamisi ya Rumyana

Rumyana alikuwa fundi cherehani. Alishona nguo za kuchezea horo, ngoma ile ya kushikana mikono na kuzunguka uwanjani. Mji mzima ulicheza umevaa nguo zake. Yeye mwenyewe hakuwa amecheza kwa miaka minne.

"Nitapumzika sherehe ya mavuno ikipita," alimwambia mumewe, Kiril. Sherehe ikapita, zikaja harusi. Harusi zikapita, ikaja Krismasi. Kiril alijifunza kula kimyakimya, maana neno moja tu lilitosha kuzua ugomvi.

Siku moja Bi Tsonka, mteja wa siku nyingi, alirudisha shati.

"Hebu niambie, Rumyana. Mume wangu ana mikono miwili ya kushoto?"

Rumyana akalikunjua shati. Kweli, mikono yote ilikuwa ya kushoto! Machozi yakamtoka.

"Kazi hii naiacha," alisema. Aliipenda tangu utotoni, na sasa hata kuiona cherehani hakutaka.

Kiril akamwita jirani yao Vesela, muuguzi wa zahanati. Vesela akampima presha, akamwuliza kuhusu usingizi.

"Jumapili nalala mchana kutwa," Rumyana alijibu. "Naamka nimechoka vilevile."

"Kwa sababu umelala na kazi kichwani. Usingizi unapumzisha mwili. Akili nayo inataka chake: kucheka, kucheza, kukaa na watu. Ukiinyima muda mrefu, inagoma. Utasahau, utakasirika ovyo, utaichukia kazi yako."

"Muda nitautoa wapi, shoga?"

"Usingoje muda ubaki. Haubaki! Jipangie siku, kama unavyompangia mteja. Alhamisi tunacheza horo. Saa kumi na moja jioni, funika cherehani. Na ukiona uchovu hauishi, njoo zahanati, usione haya."

Alhamisi ya kwanza ilikuwa kichekesho. Rumyana alikuja na utepe wa kupimia shingoni. Badala ya kufuata hatua, alikagua mapindo ya sketi za watu, akamkanyaga Vesela.

"Acha mapindo ya watu, wewe! Cheza!"

Alhamisi ya tatu aliyasahau mapindo. Alirudi nyumbani anahema, viatu vimejaa vumbi, na njaa inamuuma. Kiril akathubutu kusimulia habari za kazini kwake. Rumyana akasikiliza mpaka mwisho.

Alipunguza kidogo kazi alizopokea. Lakini hakuna nguo iliyorudishwa tena, na asubuhi aliiendea cherehani kwa hamu.

Kabla ya Pasaka, Bi Tsonka alimfuata uwanjani, kitambaa kwapani.

"Nipime sasa hivi, nina haraka."

"Kesho asubuhi, Bi Tsonka."

"Basi naenda kwa fundi mwingine!"

"Yule pale, karibu na mpiga ngoma," Rumyana alisema huku akicheka. "Naye atakwambia kesho asubuhi."

Bi Tsonka akasonya. Akaitazama miguu ya watu kwa muda. Kisha akaweka kitambaa chake kwenye benchi, akanyoosha mkono.

"Haya, nishikeni. Ila msinikimbize!"