Vipimo vya Micah

Jumamosi ile soko lilijaa hadi barabarani. Njoki, fundi wa nguo kutoka Free Area, alisimama kwenye kibanda cha chai na mfuko wa vifungo kwapani. Mwanamume mrefu mwenye shati la samawati alimtangulia kuagiza.

"Mathe, huyu mpe ya tangawizi. Bila sukari," alimwambia mama wa chai.

Njoki aligeuka. "Na wewe umejuaje?"

"Nimekisia tu."

"Mtu anaweza kukisia sukari. Tangawizi je?"

"Nisamehe, mrembo. Naitwa Micah. Natoka Kuresoi, huku nauza viazi."

Ingekuwa mimi ninayesimulia, ningechukua chai yangu niende zangu. Lakini jamaa alikuwa na tabasamu la aibu, na Njoki alikuwa amekaa mpweke muda mrefu. Akampa namba.

Wakapendana miezi mitatu. Kila asubuhi simu ililia. "Umeamkaje, sukari yangu?" Naye Njoki alijibu, "Mimi sinywi sukari." Tatizo lilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi mchana Micah alizima simu, na jioni alirudi na mikono baridi kama ya mtu aliyechota maji alfajiri.

"Nilikuwa kwaya," alisema.

"Kwaya gani hiyo haijawahi kuitwa matanga? Hata harusi moja? Ama kwaya ni msichana wa Kaptembwo?"

"Babe, acha basi."

"Sawa. Nitawashonea yunifomu. Naanza na yako."

Micah alianza kuzungumzia bei ya viazi, na Njoki aliona jinsi alivyokwepa. Njia ya mwongo ni fupi.

Kesho yake Njoki alitafuta daftari la vipimo. Lile jipya lilikuwa limejaa, akachukua la zamani lenye kurasa tupu mwishoni. Katikati akakuta mwandiko wake mwenyewe: Micah, shati la samawati, kifua 40, mkono 26. Tarehe ilikuwa ya mwaka uliopita. Akampigia simu.

"Kuja sasa hivi. Na uvae ile shati ya samawati."

Alipofika, Njoki aligeuza ukosi. Ndani kulikuwa na mishono mitatu ya uzi mwekundu, alama anayoweka kwa kila nguo yake.

"Nilishona hii mimi. Mbona sikumbuki? Ulinifanyia nini?"

Micah alikaa kwenye stuli ya cherehani, machozi yakimlengalenga.

"Si kwaya ya kanisa. Tuko kumi na wawili. Wenzangu wakiimba, nyufa za ardhi chini ya huu mji zinajifunga. Kazi yangu ni watu wanaotuona. Nikiwashika kipaji cha uso, wanasahau. Nyanya yangu ndiye aliniachia huu mkono, sikuuomba. Mwaka jana tulikuwa wapenzi, ukanifuata Alhamisi moja, ukatuona."

"Ukanifuta."

"Nilitaka kutoa hiyo siku moja tu. Lakini hiyo siku ilikuwa imeshonwa pamoja na mimi kichwani mwako. Kuifumua tu, nami nikatoka pia."

"Halafu unakuja sokoni kuniambia umekisia!" Njoki akamtupia daftari kifuani.

"Nilishindwa kukaa bila wewe. Na sasa umejua tena. Alhamisi wenzangu wataniuliza, na mbele yao hakuna mtu anaweza kudanganya. Wataniagiza nikufute."

"Utanifuta?"

"Mara ya pili siwezi." Micah akainua kiganja chake, akakisogeza kwenye kipaji cha uso wake mwenyewe. "Hakuna mwingine mwenye mkono kama huu. Nikiwasahau, na nisahau hii kazi, sitakuwa na la kuwaambia. Hakuna atakayekugusa."

"Na mimi je?"

"Si nimekwambia vitu hutoka pamoja. Nawe pia."

Njoki akaukamata ule mkono kwa nguvu zake zote. Alimpenda, na hasira yote ilikuwa imekwisha. Alilia, akakataa, akambusu, mwishowe akauachilia.

Micah alijishika kipaji, akafumba macho. Alipoyafumbua aliitazama cherehani, kisha akamtazama yeye.

"Samahani madam, nadhani nimekosea mlango," akasema, akatoka.

Wiki mbili Njoki hakushona kitu. Jumamosi ya tatu alivaa gauni lake jekundu, akatundika futi ya kupimia shingoni, akaenda sokoni. Alimkuta Micah kwenye kibanda cha chai, na shati lilelile.

"Mathe, huyu mpe strungi, bila maziwa," akasema Njoki. "Na umkamulie ndimu."

Micah aligeuka, uso umejaa shaka. "Na wewe umejuaje?"

"Nimekisia tu." Njoki akashika futi shingoni. "Naitwa Njoki, mimi ni fundi. Hiyo shati imeanza kukubana mabega. Kuja nikupime."

Micah hakumwamini hata kidogo. Kisha akaweka kikombe chini, akainua mikono apimwe.