Mafuta Nusu kwa Nusu

Foleni ya mafuta ya kula ilikuwa imetoka nje ya duka la jumla na kukunja kona. Msusi alikuwa amebakiza watu wachache kufika mezani pale muuzaji alipochukua kitambaa, akafuta bei ubaoni, akaandika nyingine. Watu waliguna. Wengine walisonya wakaondoka zao.

"Dada, tukizidi kusimama hapa tutauziwa harufu," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, shati la kijani limejaa vumbi la mbao, vipande vya sponji vimenasa kwenye nywele kama mtu aliyeamkia ndani ya godoro lililopasuka.

"Kaka, wewe umelala wapi?"

"Natengeneza makochi. Na wewe?"

"Nasuka."

"Basi nitoe haya masponji kichwani. Si ndiyo kazi yako?"

Alicheka bila kutaka. Walipofika mezani ikawa hakuna mwenye uwezo wa chupa nzima kwa bei ile mpya. Fundi akawaza kidogo, akagugumia maji yaliyobaki kwenye chupa yake, akaikung'uta ikauke. Wakachanga, wakanunua chupa moja ya mafuta, wakaenda kuigawa kwenye kibaraza cha duka, nusu kwa nusu, macho yao yakiwa sawa na mstari wa mafuta. Fundi aliongeza tone upande wa msusi.

"Hilo la nini?"

"La kuombea namba ya simu."

Namba akapewa.

Fundi alikuwa na chumba kimoja cha kupanga na mdomo usiokauka maneno matamu. Kila jioni alipiga simu. "Kipenzi, nimepiga nikusikie tu. Usinichekeshe, kicheko nacho kinakula salio." Msusi alikuwa akilea nyumba nzima kwa vidole vyake: mama aliyeumwa miguu, na wadogo zake wawili waliokuwa bado shuleni. Mama alimpenda kijana huyo siku ya kwanza tu, akaanza kumwita mkwe kabla hata ya barua ya posa.

"Nikipata vyumba viwili, naleta wazee," fundi aliahidi. "Sitaki nikuoe halafu tupishane kwa zamu mlangoni."

Lakini maisha yalipanda kama yamewashiwa moto chini. Wanawake walianza kusukana wenyewe majumbani, na waliokuja saluni waliomba mistari minene ya haraka haraka. Karakanani nako hakuna aliyeagiza kochi jipya. "Siku hizi natia viraka tu pale walipokalia watu," fundi alitania, lakini utani ulikuwa umeanza kumkauka.

Kisha akaacha kumkaribisha kwake.

"Chumba kinakarabatiwa, mpenzi."

"Ukarabati gani usioisha? Unajenga ghorofa?"

"Subiri kidogo tu, mama. Utaona."

Msusi alisubiri hadi uvumilivu ukamwishia. Jumapili moja alivaa gauni lake la njano lenye mkanda, akajipaka wanja, akaenda bila kuaga. Kwenye kamba iliyo mbele ya chumba cha fundi zilikuwa zimeanikwa nguo za kitoto kichanga. Mwanamke aliyejifunga kanga kifuani alikuwa akizigeuza.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

"Mwenye chumba hiki."

"Ametoka kidogo. Mimi ni mke wake. Nimwambie kaja nani?"

"Hapana. Nimepotea nyumba."

Alitembea hadi kwao, hakupanda chochote, na viatu vya kisigino vilimchubua asisikie. Mama alipomuuliza, alisema jua limempiga.

Tangu siku hiyo simu ya fundi iliita ikakatika yenyewe. Ujumbe ulioingia aliufuta bila kuusoma. Fundi alipokuja saluni, msusi alijibanza nyuma ya pazia la kuoshea nywele, akawaambia wenzake waseme hayupo. Alimsikia akisimama mlangoni, halafu akasema taratibu, "Mwambieni nina jambo kubwa. Lina haraka." Akaondoka.

Siku chache baadaye alikuja mke wa mwenye karakana kusuka. Mama yule alikuwa muongeaji, na wala hakujua anamwambia nani.

"Hali ni ngumu, mwanangu. Tuna fundi wetu pale, kijana mpole, kodi ilimshinda akahama chumba. Analala kwenye makochi ya wateja. Kuna mchumba wake, anaona aibu kumwambia. Na Jumamosi hii anatuacha, kapata kazi kiwanda cha samani nchi ya jirani."

Kitana kilimtoka mkononi msusi. Alimwomba mwenzake ammalizie kichwa cha yule mama, akatoka na aproni yake.

Karakanani alimkuta fundi amepiga magoti, anakaza kitambaa cha kochi, misumari midogo mdomoni. Pembeni kulikuwa na mswaki ndani ya glasi, na shati limetundikwa kwenye fremu ya kiti kisichokuwa na sponji. Fundi aliitema misumari kiganjani.

"Umekuja."

"Yule mwanamke ni nani?"

"Mwanamke yupi?"

"Wa chumbani kwako. Mwenye mtoto."

Fundi alimtazama, na polepole akaelewa. "Hao ni wapangaji wapya. Chumba si changu tena, mpenzi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mwanaume aliyekuahidi vyumba viwili, hata kile kimoja hana."

Msusi alikaa kwenye kochi la watu akalia, na fundi akakaa kando yake akamshika mkono. Walikaa vile mpaka mwenye karakana akajifanya ana shughuli nje.

"Twende wote," fundi alisema. "Ndilo jambo nililokuja kukuambia. Watu wanasuka kila mahali."

"Na mama? Na watoto wale? Nikiondoka leo, kesho nani anawasha jiko?"

"Basi nabaki."

"Unabaki ulale wapi? Ule nini?" Alimfuta vumbi shavuni. "Nenda, fundi. Mimi siwezi kwenda, na wewe huwezi kubaki. Tusidanganyane."

Jumamosi alimsindikiza kituoni. Fundi alivaa shati lake la kijani, safari hii limefuliwa. Hawakusema mengi. Basi lilipoanza kusogea aliweka kiganja kwenye kioo, naye msusi akatembea nalo sambamba hadi likamshinda mbio.

Mwanzoni simu zilikuwa za kila jioni, tamu kama zamani. Kisha za wikendi. Mshahara wa kule ulikuwa mzuri mpaka ulipokutana na kodi ya kule. Mwaka ulipita, ukaja mwingine, na safari ya likizo iliahirishwa kila ilipokaribia. Mchana mmoja simu iliita msusi akiwa kazini, akaibana begani.

"Unga huko bei gani sasa?" fundi aliuliza.

Akamtajia.

"Huku nako hivyo hivyo. Mchele ndio usiseme."

"Na mafuta?"

"Yamepanda tena."

Fundi akaguna. "Unatusikia?" fundi alisema. "Tunaongea kama wauza duka."

Walicheka wote wawili, na kicheko cha msusi kikageuka kilio kikiwa bado mdomoni.

"Usinisubiri, fundi," alisema.

"Umepata mtu?"

"Sijapata. Wala sitafuti. Lakini umechoka, nakusikia. Pata mtu wa hukohuko mchange naye kodi."

Kwa mbali mashine za kiwanda zilikuwa zikikereza mbao.

"Nilikupenda vibaya sana," fundi alisema.

"Najua. Mimi pia. Nenda kazini, mpenzi."

Akaiweka simu mezani. Mteja aliyekuwa kitini alimtazama kupitia kioo. "Nani huyo, dada?"

"Alikuwa mchumba wangu," msusi alijibu, akachukua kitana. "Hebu inamisha kichwa kidogo, nikushike huku nyuma."

Mteja akainamisha, uso ukatoka kwenye kioo, na msusi akaendelea kusuka.