Mikono Themanini ya Kushoto

Karakana yetu ya ushonaji ina chumba kikubwa na chumba kidogo. Katika chumba kikubwa kuna cherehani tatu, meza ya kukatia vitambaa na meza ya pasi. Chumba kidogo kilikuwa stoo. Mwaka jana niliyaondoa humo mabaki ya vitambaa, nikaweka kiti cha kuzunguka, na mlangoni nikabandika kibao: MKURUGENZI.

Mkurugenzi ndiye mimi. Nilikuwa nawaongoza watu watatu, na mmoja wao ni mke wangu.

Wa pili ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Kwa kushona, ametupita sote. Wa tatu ni mzee wa pasi, tunayemwita Mvuke.

Siku hizo nilipenda kutazama kwenye simu video za wakurugenzi wa kampuni kubwa. Niliona viti vyao, suti zao, na jinsi watu wanavyonyamaza wao wakiingia. Nikadhani uongozi ndio huo. Nikaacha kunywa chai na wenzangu. Nikaweka sheria kwamba vitambaa nakata mimi peke yangu, na bosi haulizwi maswali. Kichwa kilikuwa kimenivimba. Leo nikikumbuka naona haya.

Siku moja shemeji aliniambia kwamba kola niliyokata ni nyembamba. Alisema kwa adabu kabisa, ila mteja alikuwepo. Nikamjibu kwamba kazi yake ni kushona, si kufikiri. Mteja akacheka. Shemeji akainamisha kichwa. Tangu hapo karakana ikawa na utulivu mzuri sana, nami nikadhani ni heshima.

Kisha hospitali ya jirani ikatuagiza makoti arobaini ya wauguzi. Yalitakiwa Ijumaa. Tukifanya vizuri, kazi hiyo ingekuwa yetu kila mwaka. Tukichelewa, wangetafuta mafundi wengine.

Jumatatu nikaanza kukata. Kitambaa kilikuwa cha buluu, upande wa nje unang'aa na wa ndani umefifia. Kawaida tunakikunja, uso kwa uso, ndipo tunakata. Kwa njia hiyo unapata mkono wa kulia na wa kushoto wa koti kwa mara moja. Mimi nilikuwa na haraka. Nikapanga tabaka juu ya tabaka, zote zikitazama juu. Nikaweka pateni, ile karatasi ya umbo la mkono, nikachora kwa chaki, nikakata. Hakuna aliyesema neno.

Jumatano asubuhi shemeji alisimama mlangoni pangu.

"Shemeji, mikono ya kulia haipo," alisema.

Nilitoka nikiwa nimewaka. Nilimfokea mbele ya wote. Nilisema ameichanganya na mabaki, ameipoteza, anafanyia mchezo kazi ya hospitali. Alijibu taratibu kwamba hajapoteza kitu. Nikamwambia atoke, na asirudi bila hiyo mikono. Akavua futi ya kupimia shingoni, akaiweka mezani, akaenda zake.

Nilipekua mabaki yote. Kisha nikafungua furushi la mikono na kuihesabu. Ilikuwa themanini, na yote ilikuwa ya kushoto. Chaki ilikuwa yangu na alama zilikuwa zangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mke wangu hakuinua macho. Mvuke alikuwa anapiga pasi kipande kilichokwisha kunyooka zamani. Na mimi nilifanya nini? Nilisema, "Nitalishughulikia." Nikachukua furushi, nikaliingiza ofisini, nikalificha chini ya mto wa kiti changu. Mtu mzima na ndevu zangu.

Mchana alikuja jirani yetu kuchukua gauni lake. Mtaani tunamwita Mama Meneja. Kabla ya kustaafu alikuwa meneja mkuu wa kiwanda cha sabuni, akiongoza watu mia tatu. Alisoma kibao changu, akatabasamu kidogo, akaingia. Miguu ilikuwa inamsumbua, kwa hiyo akakalia kile kiti.

"Baba, kiti chako kina uvimbe," alisema.

Akainua mto, akavuta furushi. Hakuhitaji kuwa fundi. Alitazama mkono mmoja, akatazama wa pili, akanitazama mimi. Nikamweleza yote, hadi zile video, macho yangu yakiwa sakafuni.

Hakunicheka. Alinisimulia habari zake. Mwaka wake wa kwanza wa umeneja, fundi wa mtambo alimwambia mtambo unatoa mlio mbaya. Yeye akamwambia arudi kazini. Siku ya tatu mkanda wa mtambo ulikatika, ukamjeruhi mtu. Kwenye kikao, Mama Meneja alisema fundi hakutoa taarifa.

"Nilimsingizia," alisema. "Nilikaa na uongo ule miezi minne. Nikipishana naye nageuza uso. Mkurugenzi wetu alipojua, hakunifukuza. Aliita kikao kilekile, watu walewale, akaniambia niseme upya."

Akaniambia habari za mkurugenzi huyo. Kila Jumatatu alishuka kiwandani na kuuliza, "Wiki iliyopita nilikosea wapi?" Kisha anafunga mdomo. Jumatatu ya kwanza walimtazama tu. Ya nne, mfagizi akamwambia kwamba zamu alizopanga zinawakosesha watu muda wa kula. Akaandika, akashukuru, na wiki iliyofuata zamu zikabadilika. Hapo ndipo wengine nao wakaanza kusema.

"Nimefanya kazi na wakurugenzi wengi," alisema. "Waliofika mbali walikuwa na watu wasioogopa kuwaambia ukweli. Walioanguka, wengi walianguka mbele ya watu waliokuwa wanajua, ila wamenyamaza. Kwenye video zako unaonyeshwa kiti. Hayo huonyeshwi."

Nikamuuliza kama nimpigie shemeji simu, nimwombe radhi.

"Kwani ulimfokea kwenye simu?"

"Hapana. Mbele ya watu."

"Haya basi," alisema, akachukua gauni lake.

Alhamisi alfajiri nilikwenda kwa shemeji. Alikubali kuja kwa ajili ya dada yake, si kwa ajili yangu. Alisimama karibu na mlango, mkoba ukiwa begani. Niliweka furushi juu ya meza ya kukatia. Mke wangu na Mvuke wakasogea.

"Mikono hii nimeikata mimi," nilisema. "Wewe hukupoteza kitu. Nilijua tangu jana, nikaificha. Nimekuonea mbele ya watu. Nisamehe, shemeji."

Mvuke alikohoa. "Mimi niliona Jumatatu," alisema.

"Hata mimi," alisema mke wangu.

Hilo lilinichoma kuliko yote. "Mbona hukuniambia, mke wangu?"

"Ningemwambia nani? Mume wangu siku hizi haingii humu. Anaingia mkurugenzi."

Nikauliza tu, "Tufanyeje?" Kisha nikafunga mdomo. Niliuma ulimi nisije nikajijibu mwenyewe. Mwishowe shemeji akashusha mkoba.

"Kitambaa cha mifuko na kola umeshakata?"

"Bado."

"Basi hicho tukate mikono ya kulia. Mifuko na kola tuitoe kwenye hii mikono arobaini iliyozidi."

Jambo lilikuwa jepesi hivyo, na lilikaa kichwani mwa yule niliyemwambia asifikiri. Tulipanga kitambaa, safari hii pateni tukaigeuza, yeye akakata, mimi nikashika ncha. Ijumaa mchana makoti arobaini yalifika hospitalini, kila moja na mikono yake miwili. Mwaka huu wametuagiza sitini.

Kibao nimekibandua. Chumba kidogo kimerudi kuwa stoo, na chai nakunywa na wenzangu. Kila Jumatatu nauliza nilikosea wapi. Mwanzoni hawakujibu. Sasa Mvuke huja na orodha.

Juzi nilikuwa nimetandaza kitambaa cha suti, mwenye suti mwenyewe amesimama pembeni. Nikainua mkasi.

"Shemeji, weka mkasi chini," alisema shemeji yangu.

Mteja akageuka kunitazama. Masikio yakaniwaka moto, kama siku ile ya kola. Aibu haijaniacha, na sijui kama itaniacha. Nikaweka mkasi chini.

"Niambie," nikasema.