Mabua ya Majilio

Tukubaliane mapema: mjinga katika kisa hiki alikuwa Kasimiri, na ujinga wenyewe aliubeba peke yake bila kusaidiwa na mtu.

Walikutana wiki ya kwanza ya Majilio, yale majuma manne ya kungojea Noeli, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Shamsi, Sumbawanga mjini. Wanunuzi wa bati na misumari walikuwa wakisukumana kama vile wanagawiwa bure. Kasimiri, muuzaji mwenye shati jekundu la kung'aa na viatu vilivyochongoka, aliinua macho akakutana na msichana wa sweta la kijani, kitenge cha zambarau na mabuti yenye tope la mtaa wa Kizwite.

"Kaka, mambo. Naomba mifuko mitupu ya saruji."

"Poa. Sisi tunauza iliyojaa, dada. Unajenga nini kwa karatasi?"

"Pango la Noeli kanisani. Tunaikunja, tunaipaka rangi, inakuwa mawe."

"Na mwenye nyumba ni nani?"

"Mtoto Yesu. Na hana maswali mengi kama wewe."

Duka zima likacheka. Jioni Kasimiri aliipeleka mifuko kanisani mwenyewe, namba yake ya simu ameiandika juu yake. Msichana aliitwa Cornelia. Kuanzia hapo simu hazikupoa.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Punguza sauti, mama yupo hapa anajifanya anachambua maharage."

Kwenye jumuiya ya kina Cornelia, hori la pangoni, kitanda cha Mtoto Yesu, halilazwi sanamu mpaka Noeli. Mtu akitenda jema kwa siri, anaweka humo bua moja la ulezi, kimyakimya. Noeli ikifika, sanamu ya Mtoto hulazwa juu ya mabua hayo. Cornelia alimweleza Kasimiri yote haya kwenye simu. Kasimiri, macho kwenye mpira, akajibu, "Sawa, mpenzi."

Akili yake ilikuwa kwenye maturubai ya sherehe ya uchumba. Alishakodi spika na mshereheshaji, akaagiza na keki ya ghorofa tatu. Alitaka uchumba wake utikise Kizwite.

Tarehe ishirini na tatu akaenda kanisani kufunga taa alizojitolea. Akaliona hori: mabua machafu, yamevunjikavunjika. Roho ikamuuma kwa ajili ya mtoto wa watu. Akayazoa yote, akatandika karatasi ya kumetameta, na katikati akaweka kiboksi cha pete. Mabua akayatupa nje, ambako mbuzi wa jirani alianza Noeli yake mapema.

Jioni simu ikaita.

"Kasimiri, mabua yako wapi?"

"Yale makapi? Nimetupa. Umeona kilichomo, mpenzi?"

Cornelia akasema taratibu, "Nimeona. Bibi Salome wa jumuiya yetu naye alikuja kuliangalia bua lake, lile la siku aliyomsamehe shemeji yake. Nikamwonyesha pete."

Simu ikakatika. Kasimiri akapiga, akapiga tena, akazunguka chumba mpaka mwenye nyumba akauliza kama amepoteza kitu.

Kulipokucha alipanda bodaboda hadi mashambani Pito, akarudi kanisani na mzigo mzima wa mabua. Cornelia alikuwa anafagia. Hakuinua kichwa.

"Umeyatoa wapi?"

"Nimenunua. Mazuri kuliko yale."

Cornelia akaweka ufagio chini, akatoka.

Dukani Mzee Shamsi alisikiliza kisa chote huku akikata nondo. "Kijana, mimi Ramadhani yote nashinda na njaa. Ulishawahi kuona nimemlipa mtu anishindie?"

Kasimiri akaomba ruhusa, akakimbilia basi la Laela, kijijini kwao.

Huko alikuwepo Isdori, kaka yake. Mwaka wa pili huo hawasalimiani, kisa mpaka wa shamba la marehemu baba yao. Isdori alikuwa analima, akamwona mdogo wake akichechemea matutani na viatu vyake vya mjini.

"Unaumwa?"

"Shikamoo, kaka. Siumwi."

"Marahaba. Umefuata shamba?"

"Nimekufuata wewe. Ule mpaka wa shamba uache ulipo. Mimi ndiye niliyekutukana, na nilikosa."

Isdori akalichomeka jembe kwenye tuta. "Na viatu hivyo umevivaa kwa adhabu?"

Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Saa kumi alasiri Kasimiri alirudi kanisani, suruali tope hadi magotini. Bibi Salome alikuwa ameketi na Cornelia kwenye benchi.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kuomba msamaha."

"Marahaba, mwanangu. Usijitese. Mungu aliyaona kabla ya mbuzi."

Kasimiri akaweka bua moja horini. Hakueleza. Lakini Isdori alishampigia kila mtu simu, na habari ilishamfikia Cornelia.

"Moja tu?" Cornelia aliuliza, sauti imelegea.

"Ndilo nililonalo." Akamgeukia. "Cornelia, utanikubali?"

"Nimekubali. Kesho baada ya misa tunakula ugali na maharage kwa mama, na bibi, na kaka yako aje. Basi."

"Basi? Na maturubai? Na spika? Mpenzi, mshereheshaji anatoka Mbeya! Watu watajuaje kwamba umenikubali?"

Cornelia akajifunga kitenge vizuri.

"Ulitaka nikukubali, au ulitaka watu wajue? La kwanza umeshalipata. Kama unataka la pili, katafute mchumba mwingine."