Skolastika na Pakacha la Ndiga

Jumatatu, tarehe 23 Februari 1953. Asubuhi hiyo wingu zito lilipita juu ya kijiji cha Mtawanya, likaenda kumwaga maji yake baharini bila kudondosha hata tone moja shambani. Skolastika alisimama mlangoni akalitazama.

"Nenda zako," aliliambia. "Nawe una watu wako unaowapenda."

"Unasema na nani?" mama yake aliuliza kutoka ndani.

"Na wingu, Mama."

"Liache wingu. Kachote maji."

Kila siku Skolastika aliamka mapema, akafagia uwanja, akachota maji kijitoni na kumnawisha Benedikto, mdogo wake wa miaka sita. Lakini mwaka huo kazi zilikuwa nzito kwa sababu tumbo lilikuwa tupu. Nguruwe wa porini walikuwa wamelifukua shamba lao la mihogo. Baba yake alifanya kibarua katika ujenzi wa bandari mpya ya Mtwara, na kwa kawaida alirudi Jumamosi na unga kidogo. Jumamosi iliyopita hakutokea.

Ndipo mama yake alipochimba ndiga, viazi vya porini ambavyo watu huvikimbilia wakati wa njaa. Ndiga ina sumu kali. Mama alizimenya, akazikata vipande vyembamba, akazitia ndani ya pakacha na kulifunga kamba kijitoni, ili maji yanayopita yaoshe sumu ile kidogo kidogo.

"Ndiga haibembelezwi, huoshwa," alisema sasa, akijitwisha kikapu na kushika jembe. "Naenda porini na wenzangu kuchimba ming'oko, mizizi isiyo na sumu. Pakacha usiliguse mpaka nizikague mwenyewe. Subira, mwanangu."

Subira! Skolastika aliuma meno. Jana tu, katika kanisa lao la makuti, katekista Mwalimu Konradi aliwasomea jinsi Yesu alivyoona njaa jangwani, na jinsi mjaribu alivyomwambia ayageuze mawe yawe mikate, naye akakataa. "Kwaresima ni shule ya subira," Mwalimu alisema. Skolastika alikitazama kitambi cha Mwalimu akawaza: shule hiyo wewe ulimaliza lini?

Kijitoni alimkuta Somoe, binti wa jirani yao Bi Rehema, anafua.

"Hee, Skola! Ndiga zenu bado zinaoga tu?" Somoe alicheka. "Sisi Ramadhani jua likitua tunafuturu. Nyinyi mnafuturu lini, Pasaka?"

"Funga mdomo wako, Somoe!"

"Nimefunga. Wa kwenu ndio umefungwa na mama yako."

Skolastika alijitwisha mtungi akaondoka. Nyumbani alimkuta Benedikto amelala kwenye mkeka, amekunja magoti mpaka kidevuni.

"Dada, tumbo linaniuma."

"Kunywa maji."

"Nimekunywa. Limejaa maji, bado linauma."

Basi moyo wa Skolastika ukakataa. Alirudi kijitoni kwa hatua za mtu anayekwenda kugombana, akafungua pakacha, akatoa vipande vya kujaza bakuli. Vilikuwa bado vinateleza mkononi, dalili kwamba sumu haijaisha. Aliviona vinateleza, naye akavichukua.

Alipovipika, alipiga ishara ya msalaba juu ya chungu. "Bwana, wewe unaweza yote," alisali kwa sauti. "Itoe sumu hii sasa hivi. Mimi sisubiri tena."

Akampakulia Benedikto kwanza. Mtoto alimeza kipande kimoja bila kutafuna. Cha pili alikitema.

"Dada, kinaunguza! Mdomo unaunguza!"

Mara akaanza kutapika. Alipojaribu kusimama, miguu yake ilipepesuka kama ya mlevi, akaanguka mikononi mwa dada yake.

"Bi Rehema! Bi Rehema, njoo!"

Bi Rehema alifika mbio, povu la sabuni mikononi, Somoe nyuma yake. Alitupa jicho ndani ya chungu, akaelewa. Alimfunga Benedikto mgongoni kwa kanga. "Beba hicho chungu," alimwambia Skolastika, "dresa wa zahanati akaone alichokula. Somoe, kimbia ukamwite mama yao!"

Njia ya zahanati ilikuwa mchanga mtupu. Skolastika alikimbia na chungu kifuani, akijaribu kusali, lakini neno lililotoka lilikuwa moja tu: nisamehe, nisamehe.

Dresa, msaidizi wa tiba pale zahanati, alimhudumia mtoto mpaka jua likaanza kuinama. Hatimaye Benedikto alifumbua macho, akamtambua mama yake aliyekuja mbio kutoka porini, akaomba maji.

"Mshukuruni Mungu kwamba alitema," dresa alisema. "Angemaliza bakuli, tungekuwa tunaongea mengine."

Walirudi nyumbani alasiri. Mwalimu Konradi alikuwa anawangoja uwanjani, amepata habari. Skolastika alisimama mbele ya mama yake, akisubiri fimbo. Fimbo haikuja.

"Nimekosa, Mama," alisema, machozi yanamtoka lakini kichwa hajakiinamisha. "Lakini njaa ilikuwa ya kweli. Kila mtu ananiambia subira, subira, na hakuna anayeniambia Beni ale nini!"

Mwalimu Konradi akakohoa.

"Anasema kweli," alisema taratibu. "Jana nilihubiri subira nikiwa nimeshiba. Nyumbani nina unga wa muhogo. Nusu yake italetwa hapa leo. Lakini sikiliza, Skolastika. Yesu alipoambiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu ili malaika wamdake, alijibu: Usimjaribu Bwana Mungu wako. Kuacha kuiosha sumu, kisha kumwamuru Mungu aitoe, si imani."

"Nami nina neno, shoga," Bi Rehema alimwambia mama yake Skolastika. "Mtoto analala na njaa, ukuta kwa ukuta na mimi, na wewe unanyamaza? Kwetu pia tunafundishwa kwamba Mungu yu pamoja na wanaosubiri. Hatukufundishwa kusubiri kila mtu na mlango wake."

Somoe alitazama chini. "Na mimi sitawacheka tena," alinong'ona.

Mama alimvuta binti yake karibu. "Nilificha njaa yetu kwa aibu, hilo kosa ni langu. Lakini usidhani subira ni unyonge, mwanangu. Yesu kule jangwani hakunyamaza. Alimkatalia shetani usoni. Ukaidi unao, kijiji kizima kinajua! Leo umemkaidi mama yako. Kesho uikaidi njaa inayokwambia 'kula sasa'. Hiyo ndiyo subira: kukataa kudanganywa mpaka kilicho chema kiwe tayari."

"Basi sema utakavyofanya, tukusikie," alisema Mwalimu Konradi.

Skolastika alifuta machozi kwa kiganja. Akawatazama wote, mmoja mmoja, mpaka kwa Benedikto aliyelala mapajani mwa mama.

"Mimi Skolastika nasema mbele ya Mungu na mbele yenu: pakacha lile halitoki majini mpaka Mama aseme. Njaa ikija kunidanganya, nitaikatalia usoni. Ikinizidi nguvu, sitajificha nayo. Nitapiga hodi kwa Bi Rehema, hata kama Somoe atanicheka. Na wewe Beni, siku ndiga zitakapokuwa tayari, nitakupikia mimi, na tonge la kwanza nitakula mimi, nijue ni salama."